Bega Baada ya Kiharusi: Niliyojifunza Nikitibiwa kwa Leza

Maumivu ya bega hayakuanza siku niliyopata kiharusi. Siku ile mkono wangu wa kushoto ulilala kabisa, mguu ukawa mzito na mdomo ukaenda upande, lakini hakuna kilichouma. Bega lilianza kuuma wiki kadhaa baadaye, nikiwa nimesharudi nyumbani Tanga, wakati ndugu na majirani wakinipongeza kwa kuanza kutembea na fimbo. Kwanza liliuma usiku nikigeukia upande wa kushoto, kisha likawa linauma nikivishwa nguo, na mwishowe likauma hata nikiwa nimekaa nimetulia. Nimekuja kujua kwamba ndivyo inavyowatokea wengi, katika miezi miwili au mitatu ya mwanzo. Ninaandika haya kwa sababu maumivu hayo yalinirudisha nyuma kuliko kupooza kwenyewe, maana mtu asiyelala usiku hawezi kufanya mazoezi mchana, na mkono usiofanyiwa mazoezi huzidi kukakamaa na kuuma. Ninaandika pia kwa sababu watu wengi huniuliza habari za tiba ya leza niliyoipata Dar es Salaam, na jibu lake halitoshi kutolewa tukiwa tumesimama njiani.

Nilifundisha fizikia katika shule za sekondari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo nilipoelezwa kwa nini bega ndilo linaloteseka na wala si kiwiko, nilielewa mara moja. Kichwa cha mfupa wa juu wa mkono ni kikubwa, na tundu linalokipokea kwenye bapa la bega ni dogo na halina kina, kiasi kwamba kwa wakati wowote ni robo hadi theluthi tu ya kichwa hicho inayogusana na tundu lake. Umbo hilo ndilo linalotuwezesha kuuzungusha mkono kila upande, lakini matokeo yake ni kwamba kiungo hicho hakishikiliwi na mifupa, kinashikiliwa na misuli na kano zinazokizunguka. Mkono mzima una uzito wa takriban asilimia 5 ya mwili, yaani kilo 3.5 kwa mtu wa kilo 70. Misuli ikilala, uzito huo wote huning'inia kwenye kano na kwenye mfuko wa kiungo kila mgonjwa anapokaa au kusimama bila kuuegemeza mkono, na kichwa cha mfupa hushuka polepole mpaka pengo linatokea chini ya ncha ya bega, pengo ambalo unaweza kulipapasa kwa kidole. Baadaye, misuli inapoanza kukakamaa, shida hubadilika sura: misuli ya kifua na ile iliyo nyuma ya mbavu, chini ya bapa la bega, huuvuta mkono kwa ndani na kuubana ubavuni, na mtu akiunyanyua kwa nguvu bila kwanza kuuzungusha kuelekea nje, kano hubanwa katikati ya mifupa miwili.

Katika hali hiyo ndipo wema wa watu unapoingia. Nikishuka kwenye bajaji, dereva alikuwa akinishika mkono uliolala na kuuvuta. Nikiinuka kwenye kiti, vijana wa mtaani walikuwa wakinikwapua kwa kunishika kwapani. Msikitini, mtu aliyenipenda kuliko wengine ndiye aliyekuwa wa kwanza kuukamata mkono huo na kusema, "Inuka Mwalimu, nimekushika." Wote walikusudia kheri, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameambiwa kwamba bega la namna hiyo halina kinachozuia mvuto. Mimi pia sikuambiwa siku niliyoruhusiwa kutoka hospitali. Nilipewa dawa za presha, nikapewa tarehe ya kurudi, basi. Hili linaniuma mpaka leo, kwa kuwa maelezo yake hayazidi dakika tano na hayahitaji mashine yoyote.

Mahali pa kwanza nilipokwenda kutafuta nafuu nilikuta kapi imefungwa darini, kamba ikipita juu yake, na wagonjwa wamekaa wakiuvuta juu mkono uliopooza kwa kutumia ule mzima. Kwa mwalimu wa fizikia, kapi ni kifaa cha kuheshimiwa, na mwanzoni nilifurahi kuona mkono wangu unapanda mpaka usawa wa kichwa. Usiku wake sikulala. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba zoezi hilo lilichunguzwa zamani: katika utafiti mmoja mdogo uliochapishwa Marekani mwaka 1990, asilimia 62 ya wagonjwa wa kiharusi waliofanyishwa mazoezi ya kapi walipata maumivu ya bega, ilhali kati ya wale ambao mkono wao ulinyooshwa taratibu na mtaalamu ni asilimia 8 tu waliopata. Sababu yake ni ile niliyoieleza hapo juu. Kapi huuvuta mkono wima, hailizungushi bega kuelekea nje, haisogezi bapa la bega, na wala haijui kusimama pale kano inapoanza kubanwa.

Dada yangu anayekaa Magomeni ndiye aliyeniita Dar es Salaam. Alikuwa amesikia kwamba kuna kliniki yenye mashine ya leza ya kutibu maumivu, na simu yake ilikuwa fupi: "Kaka, njoo ukae kwangu, huko unajiumiza bure." Nilifika nikiwa na matumaini makubwa kupita kiasi kwa sababu mtu mmoja wa mapokezi alimwambia dada kwenye simu kwamba leza "inamaliza kabisa" maumivu ya kiharusi. Niliyemkuta ndani, binti wa fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi, aliyeonekana ana umri wa wanafunzi wangu wa mwisho, alikuwa na maneno tofauti. Aliniamkia, akavuta kiti akakaa mbele yangu, akasema, "Mwalimu, kabla sijawasha chochote, naomba nijue ni kitu gani kinachouma."

Uchunguzi alioufanya ulichukua muda mrefu kuliko tiba yenyewe, na ninauona kuwa sehemu ya thamani kuliko zote nilizolipia. Alipapasa chini ya ncha ya bega kuona pengo lina upana wa kidole kizima au nusu. Alikiweka kiwiko changu ubavuni, akakikunja, akauzungusha mkono kuelekea nje taratibu huku akinitazama usoni, mpaka mahali ulipogoma. Alibonyeza kwa ncha ya kidole kimoja mbele ya bega, kisha juu yake, kisha pembeni, akiuliza kila mara kama hapo ndipo panapouma usiku. Alitazama kiganja na vidole kama vimevimba, vina joto au ngozi imebadilika rangi, kwa sababu upo ugonjwa unaoshika bega na kiganja kwa pamoja ambao una matibabu yake. Akanigusa kwa pamba na kwa kitu cha baridi, macho nimefumba, akaniuliza nahisi nini. Mwisho akaniagizia kipimo cha ultrasaundi cha bega, nacho kikaonyesha kwamba kano inayopita juu ya kiungo ilikuwa imevimba.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba maumivu ya bega baada ya kiharusi ni jina moja la matatizo mengi. Kano inaweza kuvimba au kuchanika. Mfuko wa kiungo unaweza kunywea na kuganda. Misuli inaweza kuwa imekakamaa na kuvuta. Kuna pia maumivu yanayozalishwa na ubongo wenyewe kutokana na sehemu iliyojeruhiwa, ambayo mgonjwa huyasikia kama moto au sindano upande mzima, hata akiguswa na shuka. Pale kliniki kulikuwa na mzee mwenye maumivu ya aina hiyo, kuanzia shavuni mpaka mguuni, aliyekuja na fedha zake mkononi akitaka leza. Fizio alimkatalia kwa upole, akamwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na nilipokutana na mzee huyo tena alikuwa ameanzishiwa amitriptilini, dawa ya kutuliza maumivu ya namna hiyo, na amepata usingizi. Kama angepokelewa fedha zake na kumulikwa bega, angemulikwa mahali ambapo tatizo halipo. Nilimheshimu sana yule binti kwa kitendo hicho, maana kukataa fedha ya mgonjwa aliyekwisha kuifungua pochi si jambo jepesi katika kliniki ya kulipia.

Mke wangu alipopigiwa simu kuambiwa nitatibiwa kwa mionzi, alilia. Kwake yeye, kama ilivyo kwa watu wengi wa kwetu, mionzi ni Ocean Road, ile hospitali ya Dar es Salaam, na Ocean Road ni saratani. Ilinibidi nikae naye kwenye simu kama ninavyokaa na darasa. Nilimweleza kwamba mionzi ya kutibu saratani ina nguvu ya kuvunjavunja chembe za mwili, na ndiyo kazi yake, ilhali leza iliyotumika kwangu ni mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 808, mwanga uitwao infraredi, ambao uko kando kidogo tu ya mwekundu tunaouona kwa macho, na nishati ya kila chembe moja ya mwanga huo haifikii hata elektronvolti 2, kiasi kidogo mno kisichoweza kuvunja vinasaba. Nilimweleza pia habari ambayo ilimtuliza kuliko hesabu zangu. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960, ikitumia fuwele ya yakuti nyekundu. Miaka michache baadaye, huko Budapest, daktari wa Hungaria aitwaye Endre Mester alitaka kujua kama mwanga wa aina hiyo ungesababisha saratani, akawanyoa panya migongoni na kuwamulika. Saratani hakuiona. Alichokiona ni kwamba manyoya ya panya waliomulikwa yaliota haraka kuliko ya wenzao, na kutokana na ugunduzi huo wa mwaka 1967 ndipo watu walipoanza kufikiria kutibu vidonda na maumivu kwa leza dhaifu. Kumbe hofu ya mke wangu ilikuwa ndiyo swali lililoianzisha tiba yenyewe.

Mashine haikuwa kubwa. Ilikuwa na kisanduku chenye kioo cha kusomea namba, waya, na kishikio kama kalamu nene chenye ncha ya kioo. Kabla ya kuiwasha, fizio alifunga mlango na pazia, akanivalisha miwani mizito ya rangi, akavaa na yeye yake, na dada yangu aliyekuwa ameketi pembeni akapewa ya tatu au atoke nje. Hakuruhusu mzaha katika jambo hilo, kwa sababu mwanga wa infraredi hauonekani, jicho halipepesi kujikinga, na lenzi ya jicho huukusanya kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, kabla mtu hajajua kimetokea nini. Alinikalisha mkono ukiwa umeegemezwa juu ya mto, akafuta ngozi, akaigandamiza ile ncha wima kwenye nukta ya kwanza pembeni ya ncha ya bega, akaishikilia hapo bila kuisogeza mpaka mashine ilipolia, akahamia nukta ya pili. Sikusikia kitu isipokuwa mgandamizo wa kioo.

Niliuliza nguvu ya mashine, na jibu lilikuwa miliwati 200. Niliuliza muda wa kila nukta, nikaambiwa sekunde 20. Hesabu ya kidato cha pili inatosha hapo: wati 0.2 mara sekunde 20 ni juli 4 za nishati. Nasisitiza hesabu hii kwa sababu katika tiba hii kipimo ndicho dawa. Mwanga unapofika ndani hufyonzwa na kimeng'enya kilicho katika mitokondria, zile sehemu za seli zinazotengeneza nishati, na inaaminika kwamba seli hupata nishati zaidi na uvimbe wa kano hupungua. Lakini juli zikiwa chache mno hakuna kinachotokea, na zikizidi mno faida hupungua tena. Kwa hiyo mgonjwa anayesema "nilipigwa leza haikunisaidia" na mwingine anayesema "leza imeniponya" huenda hawakupewa kitu kimoja. Fizio wangu alikuwa akiandika kwenye faili urefu wa wimbi, miliwati, sekunde na idadi ya nukta kila mara, na ningemshauri mgonjwa yeyote aombe kuona maandishi ya namna hiyo kama anavyoomba kujua jina la kidonge anachomeza.

Kuna jambo moja ambalo sisi wenye ngozi nyeusi tunapaswa kulijua. Rangi ya ngozi, yaani melanini, hufyonza sehemu ya mwanga kabla haujafika kwenye kano, na mwanga uliofyonzwa hugeuka joto. Kwa leza dhaifu kama ile niliyotibiwa nayo joto hilo ni dogo, lakini zipo leza za nguvu kubwa, za wati kadhaa, ambazo hutumiwa kwa kusogezwasogezwa juu ya ngozi bila kutulia, nazo zinaweza kuunguza. Mgonjwa wa kiharusi yuko katika hatari zaidi ya wengine, kwa maana ngozi ya upande uliopooza huenda haihisi joto, na anaweza kuungua akiwa anazungumza na kucheka. Ndiyo sababu ya ile pamba na kile kitu cha baridi nilichoguswa nacho nikiwa nimefumba macho. Vilevile aliniuliza kama niliwahi kuwa na saratani, kwa sababu leza haimulikwi juu ya uvimbe wa saratani, wala juu ya tumbo la mjamzito, na akazisoma dawa zangu zote, maana ziko dawa zinazoifanya ngozi isiustahimili mwanga.

Sasa nije kwenye matokeo. Baada ya mara chache za mwanzo sikuona tofauti, na sikukata tamaa kwa sababu nilikuwa nimeonywa. Kisha usiku mmoja niligeuka nikalala mpaka alfajiri. Kuanzia hapo maumivu ya kukaa yalipungua sana, na yale ya kunyanyua mkono yakapungua kidogo. Lakini jambo ambalo ningependa msomaji alishike ni kile kilichokuwa kikifanyika mara tu mashine inapozimwa. Fizio hakuniacha niende zangu. Akiwa ameketi kushotoni kwangu, aliweka kiganja kimoja juu ya bapa la bega na kulizungusha kwa mduara mdogo, juu, mbele, chini, nyuma, mpaka likalegea. Kisha akauzungusha mkono kuelekea nje, nywele kwa nywele. Kisha akanipeleka kwenye meza, akaweka kitambaa chini ya viganja vyangu viwili, na mimi nikakisukuma kitambaa mbele kwa kuinama kiunoni, mikono yote miwili ikiteleza, mpaka bega likafunguka bila mtu kulivuta. "Mwalimu," alisema, "leza imetupa nusu saa. Tukiilalia, kesho tunaanza upya." Wagonjwa waliotaka kumulikwa na kuondoka aliwaambia waziwazi kwamba watakuwa wanalipia nusu saa ya nafuu.

Je, ni leza iliyonisaidia, au ni mikono yake, au ni mkono kutovutwa tena, au ni siku zenyewe kupita? Mtu aliyefundisha sayansi hawezi kujidanganya kwamba jaribio lenye mgonjwa mmoja na mabadiliko manne kwa wakati mmoja linatoa jibu. Tafiti za leza kwa kano za bega kwa jumla zina matokeo yanayotia moyo pale kipimo kinapokuwa cha kutosha. Kwa bega la kiharusi hasa, majaribio yapo lakini ni machache, yana wagonjwa wachache, na yamefuatilia watu kwa muda mfupi. Katika majaribio mazuri kundi moja humulikwa kwa mashine inayolia na kuwaka taa lakini haitoi mwanga wa tiba, na hata watu hao baadhi yao hupata nafuu, jambo ambalo linatukumbusha kwamba kushughulikiwa kwa utulivu kuna uzito wake. Msimamo wangu ni huu: leza ni msaidizi halali wa mazoezi kwa bega lililochunguzwa na kuonekana kano yake imevimba au kiungo chake kimeganda, na mtu asiye na uwezo wa kuilipia asijione kwamba amekosa uponyaji, maana sehemu kubwa ya kazi inafanyika nyumbani na haina bei. Bima yangu haikulipia leza, mazoezi ililipia.

Nyumbani kwetu Tanga mambo yalipangwa upya. Mke wangu alifundishwa na fizio kwa simu ya video jinsi ya kunilaza: nikilalia upande wa kushoto, bega hutolewa mbele ili uzito usikae juu ya ncha yake, nikilalia wa kulia, mkono wa kushoto huwekwa mbele yangu juu ya mto mgumu, kiwiko kimenyooka kiasi. Nikikaa, mkono hukaa juu ya meza ndogo au kwenye mto mapajani, hauachwi kuning'inia. Kitambaa cha kuning'inizia mkono shingoni navaa nikitembea tu, kwa sababu ukikaa nacho kutwa mkono huzoea kukunjwa ubavuni, na huko ndiko unakotaka kwenda wenyewe. Wanaoniinua hunishika mkanda mpana niliofunga kiunoni. Nimewafundisha madereva wawili wa bajaji wanaonibeba, na mmoja wao sasa huwafundisha wenzake kijiweni, jambo lililonifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika.

Kuvaa kulikuwa na elimu yake. Kanzu hupita kichwani, na ukiuanza mkono mzima, ule mgonjwa hubaki nyuma na lazima uvutwe ili uingie. Sasa kanzu hutandazwa mapajani, mkono wa kushoto huingizwa kwanza mpaka mkono wa nguo upite kiwiko, kisha kichwa, kisha wa kulia. Wakati wa kuvua, mkono wa kushoto huwa wa mwisho kutoka. Ni utaratibu mdogo, lakini kwa mtu anayevaa na kuvua kila siku ndio unaoamua kama bega litavutwa au litaachwa lipone.

Kipimo changu mwenyewe cha maendeleo kilikuwa takbira. Kuinua mikono miwili mpaka usawa wa masikio ni kitendo ambacho sikuwahi kukifikiria kabla ya kiharusi, na kwa miezi mingi niliinua mmoja tu. Mkono wa kushoto ulianza kufika kifuani, baadaye ukafika begani ukisaidiwa na wa kulia, na leo unafika karibu na kidevu wenyewe, bila maumivu, mradi nimeuzungusha kuelekea nje kabla ya kuunyanyua. Fizio alisimamisha leza alipoona kwamba usingizi umerudi na kwamba mwendo wa bega unaongezeka kwa kiwango kilekile hata nikiwa sijamulikwa. Nilimwuliza kama si vyema tuendelee kwa tahadhari, akanijibu kwamba nauli na fedha hizo niziweke kwenye kupima presha na kununua dawa zake bila kukosa, kwa kuwa kiharusi cha pili ndicho tishio kubwa lililobaki. Nilikubaliana naye.

Hivi karibuni mke wa mgonjwa mmoja wa mtaa wetu alinitumia picha ya kifaa alichouziwa mumewe Kariakoo, kalamu ya plastiki yenye taa nyekundu, ambayo muuzaji aliiita leza ya kiharusi. Nilimwomba akigeuze anitumie maandishi ya nyuma. Hayakuwa na urefu wa wimbi, hayakuwa na miliwati, hayakuwa na alama ya onyo la macho, na ndani ya boksi hapakuwa na miwani. Nilimshauri akirudishe kama muuzaji atakubali, na kama hatakubali asimmulike nacho mtu yeyote usoni. Kisha nilimwomba aje nyumbani na kijana wao mkubwa anayemwinua baba yake, waje na mto mgumu na mkanda mpana, ili mke wangu awaonyeshe.